Wimbo Uliovuka Upande wa Wanaume

Siku jirani yangu aliponiambia anataka ubunge, nilikuwa nimebeba sinia la vitumbua, na nusura vitumbua vyote viishie kwenye zulia.

"Ubunge wa wapi?" nikamuuliza.

"Wa kwetu Somalia. Ukoo wetu umepewa kiti cha mwanamke, na jina langu limetajwa."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewaambia nitafikiria."

"Haya, fikiria basi!"

"Nimemaliza kufikiria nilipokuwa nashuka ngazi," akasema, akachukua kitumbua.

Nilimkumbatia na sinia langu mkononi. Mimi ni mtu wa kushtuka haraka na kufurahi haraka. Mume wangu husema mie na birika la maji ya moto ni ndugu. Na habari ile ilinipandisha mvuke kweli kweli. Ubunge! Kutoka jengo letu la Khuwair ya Kusini hapa Maskati, ambalo lifti yake huharibika kila joto likizidi!

Lifti hiyohiyo ndiyo iliyotukutanisha miaka mingi nyuma. Nilikuwa namgombeza mume wangu kwenye simu kwa Kiswahili, kwa sauti, nikiamini kwamba yule mwanamke aliyejitanda shali la rangi ya chungwa hanifahamu. Mara akacheka. "Msamehe, bibi," akasema kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka. "Kusahau mkate si sababu ya talaka." Tangu siku hiyo tukawa mashoga. Yeye alikuwa mjane, akifanya kazi ya kulea watoto kwenye shule ya chekechea. Mie nilikuwa mwalimu wa jiografia skuli ya wasichana Azaiba, sasa nimestaafu. Wazazi wangu walinileta Maskati kutoka Unguja nikiwa mtoto, kwa hiyo Kiswahili ni cha nyumbani na Kiarabu ni cha mlangoni. Na yeye Kiswahili alikipata ukimbizini.

Miezi mingi ilipita kabla sijajua kwamba nakaa chini ya miguu ya mtu mashuhuri. Tulikwenda pamoja Azaiba kununua vitambaa kwenye duka la Msomali mmoja. Yule muuza duka alipomsikia akiuliza bei aliacha mteja mwingine katikati ya maneno, akasimama, akaweka mkono kifuani, na macho yakamjaa machozi. Nikadhani ni jamaa yake. Kumbe hajawahi kumwona ana kwa ana. Alikuwa anamjua kwa sauti.

Njia nzima ya kurudi nilimbana mpaka akanieleza. Ujanani, Mogadishu, alikuwa mwimbaji. Wimbo uliompa jina ulikuwa wa mke anayemlalamikia mumewe. Mume anarudi nyumbani, anakula chakula cha watoto, kisha anawauliza watoto kwa nini wamekonda. Basi. Hamna serikali humo, hamna askari, hamna jina la mtu. Lakini mji mzima ulijua mume ni nani, na mume mwenyewe alijua vilevile, ndiyo maana akamtia ndani. Alipotoka akauimba tena, wakamtia tena. Mara ya tatu hakuwasubiri. Alivuka mpaka, akaishi Mombasa, na huko akautilia wimbo wake kiitikio cha Kiswahili ili majirani zake wapate kumwitikia:

*Chungu chetu, kijiko chako;*
*tumepika sisi, umeshiba peke yako.*

Nilipiga breki barabarani. Wallahi, nilipiga breki, na gari la nyuma likanipigia honi mpaka nikaona haya. Wimbo huo niliwahi kuusikia kwenye kanda ya binamu yangu, zamani, na kumbe mwenyewe ameketi kando yangu, kapakata vitambaa!

Sasa mwimbaji huyo anataka bunge, na mie nikajipa cheo cha meneja wa kampeni bila ya kuombwa. Kwao si kila mtu anayepiga kura. Wazee wa ukoo huteua wajumbe, na wajumbe ndio wanaomchagua mbunge. Kwa hiyo kampeni ilikuwa ni kuwapata wazee na wajumbe kwenye simu, mmoja mmoja, na simu zote zilipigwa kutoka sebuleni kwangu kwa sababu intaneti yangu ilikuwa na nguvu kuliko yake. Wasomali, nimekuja kujifunza, hawana subira na kuandika. Mtu anakutumia ujumbe wa sauti mrefu kama khutba ya Ijumaa. Ndani yake mna salamu, mna kisa cha babu yake, mna beti mbili tatu za mashairi, na mwisho kabisa ndipo linapotokea swali. Na yeye anajibu vivyo hivyo, anatembea kutoka dirishani hadi jikoni, mkono mmoja hewani. Sifahamu Kisomali, lakini nilikuwa nikitikisa kichwa kila anapopandisha sauti. Mama yangu, ambaye nakaa naye, akauliza mgeni wetu anagombana na nani kila siku.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mwanamke msomi, mwenye shahada na mavazi ya heshima, ambaye hajawahi kuimba hata bafuni. Hilo likawa tatizo. Siku moja alipiga simu mzee aliyekuwa mkubwa wa wazee wote wa ukoo wao, ami yake upande wa baba. Waliongea muda mrefu, na mara hii yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza. Alipokata simu alikaa kwenye kochi, akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya shali lake.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Kasema kiti nitapata. Watanipa wao, yeye atawasimamia. Lakini niahidi kwamba sitaimba tena. Mbunge haimbi, eti. Watu watawacheka."

"Na wewe?"

"Nimesema haya, ami."

Nikapiga makofi. "Si basi! Mbona rahisi? Miaka yote hii uliimbia wapi, zaidi ya kuwaimbia wale watoto wa chekechea?"

Akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. "Shoga, wewe umepata kuambiwa ukate kidole ndiyo upewe pete?"

Nikaacha kupiga makofi.

Mambo yakapangana yenyewe. Mzee yule akaja Maskati kufanyiwa operesheni ya macho, na wiki aliyokuwa anapumzika ndiyo wiki ya harusi ya binti yangu. Tukamwalika. Mgeni wa jirani ni mgeni wako, na tena, kusema kweli, nilitaka aone kwamba mgombea wake anaheshimika mjini. Nikah tuliifanya baada ya alasiri kwenye sabla ya Ansab, ule ukumbi wa mtaa ambao Waomani hukusanyikia kwa furaha na kwa msiba. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, ukuta katikati.

Kwetu harusi ya wanawake haiingii simu. Mlangoni alisimama wifi yangu, mwanamke asiye na masihara, na kikapu kikubwa. Kila mgeni alitoa simu yake, na aliyekuwa na mbili alitoa mbili. Hapo ndipo watu wakavua mabaibui, nywele zikaonekana, dhahabu zikawaka, na ukumbi ukawa wetu. Picha haitoki, sauti haitoki. Tulikuwa tumefunga kila tundu.

Tundu moja tulilisahau. Walipoijenga sabla ile waliviunganisha vipaza sauti vya pande zote mbili, ili shekhe akisoma khutba ya nikah wanawake nao waisikie. Khutba tuliisikia vizuri sana, tukalia kidogo, tukapiga vigelegele. Kisha hakuna mtu aliyekumbuka kuzima. Na hakuna aliyewahi kujiuliza kama njia inayoleta sauti ndiyo hiyohiyo inayoipeleka.

Walianza wanawake wa Kisomali, wageni wa jirani yangu. Kwao bibi harusi husifiwa kwa mashairi ya wanawake, ngoma ikipigwa na watu wakizunguka duara, na rafiki wa nyumba asiposema chochote ni kama kaja na sahani tupu. Kila mmoja alitoa ubeti wake. Halafu wote wakamgeukia yeye. Nilimwona akisitasita, kisha nikamwona akiangalia mlango, kikapu, na wifi yangu. "Tuko wanawake watupu," akasema, akakamata kipaza sauti.

Alimsifu binti yangu kwanza. Kisha, bila ya kuambiwa na mtu, bila hata kuvuta pumzi, akaingia kwenye wimbo wake.

Jamani! Sijui nielezeje. Mwanamke niliyemzoea akilalamika bei ya vitunguu alisimama pale akawa mrefu. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ya umri, na mikwaruzo hiyo ndiyo iliyokuwa inatukwangua kifuani. Kina dada wa Kitanzania tuliowaajiri kupakua chakula walitoka jikoni na masinia yao, wakasimama. Alipofika kwenye kiitikio cha Kiswahili tukakidaka wote, na mama yangu mstari wa mbele anagonga sakafu kwa bakora.

Mlango wa jikoni ukagongwa. Nikaitwa. Nje alikuwa mume wangu, kanzu nyeupe pe, uso umempauka.

"Mwambie anyamaze," akasema.

"Nani?"

"Rafiki yako. Anasikika kwetu tangu herufi ya mwanzo. Sabla nzima inasikiliza. Watu wameacha kula halwa."

"Na mzee?"

"Mzee yupo. Mzee ndiye alieomba."

Ilivyokuwa ni hivi. Waomani wana desturi yao ya kahawa. Mgeni akiletewa kikombe akakiweka chini bila kukinywa, maana yake ana haja, na hatakunywa mpaka apate jibu. Mwenyeji muungwana humwambia, kunywa kahawa yako, haja yako imekubaliwa. Sasa wimbo ulipoanza kutoka ukutani, mzee wa watu, ambaye hana habari na desturi hiyo, alikuwa ndiyo kwanza ameshika kikombe. Alishtuka. Akakiweka chini kahawa isimmwagikie. Basi. Lakini mume wangu, mwenye harusi, mbele ya wanaume wote, akaona kikombe kimewekwa. Moyo wa ukarimu ukampanda, akatangaza kwa Kiarabu, kwa sauti: "Kunywa, ya shekhe. Haja yako imekubaliwa!"

Mzee huyo alipata kufanya kazi Ghuba ujanani, Kiarabu anakijua. Akamtazama mume wangu, akatazama ukuta, akasema: "Basi na anyamaze."

"Umekubali haja usoijua?" nikamwambia mume wangu.

"Nlidhani anataka tikiti! Ama dawa ya macho! Ntajuaje?"

"Na mie nkamwambie nini?"

"Mwambie nshatoa neno. Mbele ya watu." Na macho yake yalikuwa yananiomba, maskini, kwa sababu mwanamume wa Kiomani aliyetoa neno kwenye sabla kisha akalivunja, bora ahame mtaa.

Nilirudi ndani nikiwa na hasira ya kuuma meza. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia mume wangu, nikamkasirikia fundi aliyetandika nyaya zile. Nilipanda jukwaani, nikamnong'oneza kila kitu sikioni: kwamba wanaume wanasikia, kwamba ami yake anasikia, kwamba ameomba, na kwamba amekubaliwa. Nilitegemea atalia. Kiti kilikuwa kinamponyoka mbele ya macho yangu.

Aliniuliza neno moja tu. "Mume wako ametoa ahadi mbele za watu?"

"Mbele ya sabla nzima."

Akakata wimbo katikati ya mstari. Akainama, akakilaza kipaza sauti kwenye zulia polepole, akajifunika mdomo kwa shali. Ukumbi ukazizima.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza mama yangu kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Si ndo kwanza unanoga!" Na akaanza mwenyewe, bakora chini, sauti imepinda: *Chungu chetu...*

*Kijiko chako!* wakaitikia kina dada wa masinia.

Hapo hapakuwa tena na wa kumzuia mtu. Ukumbi mzima ulisimama. Wanawake wa Unguja, wanawake wa Mogadishu, mabinti wa Tanga na Morogoro, wifi yangu na kikapu chake cha simu, hata bibi harusi aliyetakiwa akae atulie. Kipaza sauti kimelala kwenye zulia, hakijazimwa, na kila neno linakwenda upande wa pili. Na yeye amesimama katikati, mdomo umefunikwa, hajatoa hata sauti ya mbu. Mume wangu aliahidi kwamba atanyamaza, naye alinyamaza. Kwa niaba yetu sisi hakuna aliyeahidi kitu. Nilipiga kigelegele mpaka koo likaniwasha, na furaha niliyoisikia siku ile sikuipata hata siku ya harusi yangu mwenyewe.

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua kile kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa, akanywa.

Kesho yake, baada ya dhuhuri, mzee akaja kwangu Khuwair na bandeji ya jicho moja, akaomba binti wa nduguye aitwe kutoka juu. Akashuka. Tukakaa watatu sebuleni. Wakaanza kwa Kisomali, na mie nikawa namgusa shoga yangu goti kila sentensi, mpaka akachoka, akawa ananitafsiria palepale.

"Anasema, jana alinitaka ninyamaze nikanyamaza. Kwa hiyo anaweza kuwaambia wazee wenzake kwamba ahadi yangu ni ahadi."

Alhamdulillahi! Kiti kimerudi! Nilikuwa tayari kwenda kukata halwa. Kilichobaki ni yeye kusema ndiyo, naam, haya, chochote. Akanyoosha mgongo, akasema maneno mengi kwa utulivu, na mzee akaganda. Nikamgusa goti.

"Nimemwambia, ami, jana nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Alishatoa neno lake, na singeweza kumtia aibu harusini kwa bintiye. Sikunyamaza kwa ajili yako. Na ile ahadi niliyokupa kwenye simu nilikosea kuitoa, leo nairudisha. Mkinichagua, mnichague na mdomo wangu."

"Yallah!" nikasema, na sikusema kimoyomoyo.

Mzee aliuliza kitu kimoja. Yeye akamjibu kwa neno moja. Mzee akainuka, akatuaga kwa salamu nzuri, akaenda zake.

"Kauliza nini?"

"Kauliza kama anaweza kuwaambia wenzake hivyohivyo nilivyosema. Nimesema awaambie."

Tuligombana siku ile, nisifiche. Nilimwambia ana kiburi, nilimwambia kiti kilikuwa mkononi akakitupa kama ganda la ndizi, nilimwambia kampeni yangu yote imekwenda na maji. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Shoga yangu," akasema, "kama nilikuwa nataka kukaa kimya, si ningebaki papa hapa Khuwair? Hapa kimya napewa bure."

Akasafiri kwenda kwao kabla ya kura. Nasi tukabaki na simu. Siku yenyewe ilirushwa moja kwa moja kwenye Facebook, na sebule yangu ikajaa: mume wangu, mama na bakora yake, binti yangu na mumewe. Karatasi zilifunguliwa moja moja, zikasomwa kwa sauti, mtu anachora alama ubaoni. Duru ya kwanza hakuna aliyefikisha nusu. Duru ya pili walibaki wawili, yeye na yule msomi, na alama zikawa zinapanda sawasawa, huku moja, kule moja, mpaka mume wangu akatoka nje akisema moyo wake hauwezi. Nilikuwa nimesimama juu ya kochi. Mtu wa miaka sitini na kitu, juu ya kochi! Karatasi za mwisho zikasomwa, watu ukumbini wakaruka, kamera ikayumba, na mimi sijui wanaruka kwa furaha ya nani.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Nimepita," akasema. Nyuma yake kelele tupu. "Kwa kura chache, lakini nimepita. Ami alisimama kabla ya kura, akawaambia maneno yangu yote, hakupunguza hata moja. Wengine walitoka nje kwa hasira. Wengine wakabaki."

Nilikimbilia barazani, nikapiga kigelegele kilichowatoa majirani wote madirishani. Yule Mmisri wa ghorofa ya pili akauliza kwa Kiarabu nani anaolewa. Nikamwambia hakuna anayeolewa, jirani yetu wa juu kaingia bungeni, na yeye akapiga makofi ingawa nina hakika hakufahamu bunge gani. Nilicheka, nikamwambia yule shoga yangu kwenye simu kwamba nimeshaagiza halwa, kwamba tutamfanyia karamu, na kwamba lifti imetengenezwa.

"Unarudi lini?" nikamuuliza.

"Sirudi, shoga. Waambie wenye nyumba waikodishe."

Nilifahamu. Nilikuwa nalipigania jambo hili miezi yote, simu kwa simu, na hata mara moja sikuwahi kulifikiria mpaka mwisho wake.

"Hongera, Mheshimiwa," nikamwambia. Kisha nikaiweka simu mbali na mdomo, nikapiga kigelegele kingine, kirefu kuliko cha kwanza, ili asisikie ninavyolia.